Sifa za Mnyaa

Nchini Rwanda kuna kibali cha kujenga nyumba, kuna cha kuikarabati, kuna cha kuibomoa, na kipo hata cha kujenga uzio. Mwenye shauku ya ukuta wa matofali huomba, huambatisha nambari ya kiwanja chake, hungoja. Nambari yenyewe ni safari: kwa mkazi wa Gashonga huanza na 3 ya Mkoa wa Magharibi, ikaja 06 ya Wilaya ya Rusizi, ikafuata ya umurenge, yaani kata, ya akagari, kitongoji cha ndani ya kata hiyo, na mwisho ya kipande chake cha ardhi. Nambari hiyo ikiwa bado njiani, jirani yake amekwisha kata tawi la mnyaa, amelichomeka ardhini na kurudi kuinjika maharage. Mvua mbili tatu, tawi limeshika mizizi. Misimu michache, limekuwa sheria.

Kwa hiyo leo nausifu mnyaa, ambao Wanyarwanda huuita umuyenzi. Najua hauna sura. Majani yake ni madogo na hudondoka kabla hujayaona. Kinachobaki ni vijiti vya kijani vilivyosongamana kama penseli za darasa zima zilizotiwa kwenye kopo moja. Hauna tunda la kuliwa. Kivuli chake hakimtoshi kuku mwenye vifaranga. Mbuzi, ambaye hula hata gazeti, huunusa na kugeuza kichwa. Lakini mti huu una ukoo. Carl Linnaeus aliuingiza kitabuni mwaka 1753 kwa jina la Euphorbia tirucalli, jina alilolitoa Malabar huko India, ilhali kwao ni Afrika. Mnyaa haukukata rufaa. Wamaasai huuita emanyara na kuuzungushia maboma yao, na inasemekana ndiko lilikotoka jina la Ziwa Manyara. Ziwa likaipa jina hifadhi ya taifa, na mwaka 2002 mkoa mzima wa Tanzania. Nionyesheni ukuta wa tofali uliowahi kupata ziwa.

Sheria za ujenzi zina udhaifu mmoja: lazima mtu azisome. Mnyaa humsomea mtu papo hapo. Vunja kijiti kimoja, utomvu mweupe unachuruzika; ukigusa ngozi unawasha na kubabua, ukiingia jichoni mtu hushinda ndani akilia bila msiba, na asipotibiwa jicho linaweza kuharibika kabisa. Hukumu hutolewa mahali pa kosa, siku ya kosa, bila wakili. Wala haina upendeleo: humpata mwizi wa usiku, humpata mtoto anayefuata mpira, humpata na mwenye boma anayepogoa huku ana haraka. Wapo wanaosema adhabu imezidi kosa. Hao hawajawahi kufuatilia kesi ya ng'ombe aliyekula mtama wa watu.

Hapo kwenye utomvu pana neno moja lisilo la mzaha. Watafiti wameuhusisha na saratani ya watoto iitwayo limfoma ya Burkitt, ile ambayo daktari Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 kutokana na wagonjwa wake wa Uganda. Utomvu hushukiwa kuviamsha virusi ambavyo tayari vimo mwilini. Haijawa hukumu ya mwisho, ila mtoto asichezee vijiti hivi. Turudi kwenye sifa.

Sifa kuu ya mnyaa ni katika mipaka. Kuanzia mwaka 2009 Rwanda iliandikisha ardhi yake yote, vipande zaidi ya milioni 10, na haikufanya hivyo kwa kumwaga zege kila pembe. Palikuwa na picha zilizopigwa kutoka angani, vijana waliofundishwa kazi ya kupima, na majirani waliotembea pamoja kuonyesha nani anaishia wapi. Na katika picha iliyopigwa na ndege, ni nini kinachoonekana katikati ya migomba ya huyu na kahawa ya yule? Mara nyingi ni ule mstari wa kijani. Fimbo aliyoichomeka babu ili ndama asitoroke ikachorwa kwa kalamu kwenye picha, ikaingia kwenye kompyuta za serikali, ikatoka na hati. Wahandisi wangapi wanaweza kujisifu kwamba kazi yao ya alasiri moja imepokewa na taifa bila masahihisho?

Na hapa ndipo kipaji chake kinapong'aa, maana mnyaa hutembea. Hauna haraka. Mwenye boma hupogoa upande wake tu, na upande wa pili matawi hunenepa. Kijiti kimoja kikifa, kingine huchomekwa, si palepale hasa, bali kiganja kimoja mbele, kwa sababu pale pa zamani udongo umechoka. Jirani yumo kwenye biashara zake Bukavu, upande wa Kongo, anavuka mpaka asubuhi na kurudi jioni, macho yote yako kwenye mzigo. Siku atakayotulia na kuangalia, kichochoro alichokuwa akipitishia mbuzi kimehamia kwa watu. Ukuta wa matofali hauwezi kitu hicho. Ukijengwa kwa wizi, unabaki wizi mahali pamoja, na kila mtu anaupima kwa kamba. Mnyaa huiba kwa adabu.

Kisha huitwa abunzi, wapatanishi waliochaguliwa na wananchi, ambao hukaa kwenye akagari na umurenge kabla shauri halijafika mahakamani. Wanakuja, wanazunguka, wanatazama juu na chini. Mmoja wa wagombanao anasema, "Mzee, mnyaa huu uliotuona tukizaliwa aliupanda babu yangu." Mwenzake naye anamleta babu yake, mti uleule, mwaka mwingine. Mti umesimama katikati, ndio pekee unaoujua ukweli, na unanyamaza kama shahidi aliyeelekezwa vizuri. Abunzi hufanya kazi hiyo bila mshahara, kwa hiyo tusiseme mnyaa umewapa ajira, umewapa kazi.

Nyumba kwa nyumba, mnyaa una huduma nyingine. Hukausha nguo, ingawa huweka alama zake kwenye shati jeupe. Una matundu ya kutosha kumjulisha jirani kwamba leo kwako kuna nyama, na kumzuia asifike. Anayejenga ukuta mrefu na kuupamba juu kwa vigae vya chupa hununua faragha, kisha akiugua hakuna anayejua mpaka siku ya tatu.

Tena ukuta una siku yake. Jumapili, Februari 3, 2008, tetemeko la ardhi lilizipiga Rusizi na Nyamasheke na ng'ambo ya pili Bukavu. Nchini Rwanda walikufa watu zaidi ya 30, na matofali yaliyowalinda jana yake ndiyo yaliyowaangukia. Sijasikia mahali popote aliyefukuliwa chini ya uzio wa minyaa.

Mti huu uliwahi hata kuotewa ndoto kubwa. Wakati dunia inalia na bei ya petroli katika miaka ya 1970, Melvin Calvin wa California, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 1961, alipendekeza mimea ya jamii hii ilimwe ili utomvu wake ugeuzwe mafuta. Bei ikashuka, wazo likalala. Mnyaa ungeweza kuendesha malori hadi Mombasa. Ukaridhika kuzuia kuku wa Gashonga. Unyenyekevu wa namna hiyo hatuuoni kwa waheshimiwa wengi.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni umuganda, siku ya kazi ya pamoja, na kazi ikiangukia kwenye kupunguza minyaa iliyoinamia njia, watu wazima wote wenye nguvu wanatakiwa wawepo asubuhi. Njoo na panga kali na shati la mikono mirefu usilolipenda. Kata upande wako. Ukitokwa na jasho, lifute kwa bega, kwa maana mwenzako wa mwaka jana alilifuta kwa kiganja na mpaka leo anatuita majina.