Barua ya Wazi kwa Mwenye Pirates: Hongera kwa Usajili Usiofanyika

Kwa Mheshimiwa Bob Nutting,
Mwenyekiti na Mmiliki Mkuu,
Pittsburgh Pirates,
PNC Park, Pittsburgh, Pennsylvania.

Novemba 2025

YAH: PONGEZI KWA KULINDA FEDHA DHIDI YA WACHEZAJI

Mheshimiwa,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Naandika kwa heshima zote, nikijua kwamba familia yenu ni watu wa magazeti huko Wheeling, West Virginia, na kwamba barua za wasomaji si jambo geni kwako. Sina haraka ya kujibiwa. Shabiki wa Pirates hana haraka na lolote. Timu ilimaliza na vipigo vingi kuliko ushindi kwa misimu 20 mfululizo, kuanzia 1993 hadi 2012, na hakuna timu nyingine ya ligi kubwa za kulipwa Amerika Kaskazini iliyowahi kufika huko. Wewe ulishika usukani Januari 2007, katikati ya safari hiyo, na kwa uungwana wako hukutaka kuikatiza ghafla.

Sasa baridi imeingia na soko liko wazi. Wasomaji wangu waliozoea usajili wa Simba na Yanga watanivumilia nieleze kidogo. Kwenye besiboli ya Marekani hakuna ada ya uhamisho. Mchezaji aliyetimiza miaka sita ya utumishi na mkataba wake kuisha ni mtu huru, anakwenda kwa atakayempa mkataba mnono. Asiye huru hubadilishwa: unatoa watu wako, unapewa watu wa mwenzako. Na kikomo cha mishahara hakipo. Mwenye fedha hutumia fedha, mwenye akili hutumia akili. Wewe umechagua kutotumia.

Nianze na rekodi, maana wewe ni mlinzi wa rekodi. Desemba 2023 Los Angeles Dodgers walimsajili Shohei Ohtani kwa dola milioni 700 za miaka 10. Mwaka mmoja baadaye New York Mets wakampa Juan Soto milioni 765 kwa miaka 15. Wakati wenzako wanahangaika kuvunja rekodi kila baridi, ya kwenu imetulia. Mchezaji huru ghali kuliko wote katika historia ya Pirates, klabu iliyoingia ligi ya National mwaka 1887, ni mrushaji Francisco Liriano, aliyepewa milioni 39 kwa miaka mitatu Desemba 2014. Soto anapata milioni 51 kwa mwaka. Kwa hesabu za darasa la nne, Liriano wa miaka mitatu hamfikii Soto wa msimu mmoja.

Baridi iliyopita mlifanya kazi kubwa, hilo hakuna wa kulipinga. Mlimleta Adam Frazier kwa milioni moja na nusu na chenji kidogo. Mlimleta Tommy Pham, aliyetimiza miaka 37 kabla msimu haujaanza, kwa takriban milioni 4. Andrew Heaney akapata milioni 5 na robo. Wote mwaka mmoja mmoja, ili pasiwe na mazoea. Frazier alikuwa mtu wenu zamani, mkamuuza San Diego mwaka 2021, mkamrudisha, na ilipofika Julai mkamuuza tena, safari hii Kansas City. Sijui kama aliwahi kufungua mabegi.

Na Andrew McCutchen! Huyu ndiye kipenzi cha mji, mchezaji bora wa ligi mwaka 2013, aliyewatoa mashabiki kwenye ile miaka 20 ya giza. Januari 2018 mlimpeleka San Francisco. Haki itendeke: katika biashara hiyo alikuja Bryan Reynolds, ambaye leo ndiye mwenye mkataba mkubwa kuliko yeyote katika historia yenu, milioni 106.75. Biashara nzuri, nawapa maksi zenu. Lakini McCutchen aliporudi mwaka 2023 mlimpa mkataba wa mwaka mmoja wa milioni 5. Baridi iliyofuata hivyo hivyo. Iliyofuata tena, hivyo hivyo. Mtu ambaye mji mzima unavaa jezi yake anaajiriwa kama kibarua wa msimu wa korosho.

Matokeo tuliyaona. Katika timu 30 za ligi kuu, Pirates ya 2025 ilipata alama chache kuliko wote, 583. Ilipiga homurani chache kuliko wote pia, 117. Homurani ni ule mpira unaopigwa ukavuka uzio na kila mtu anasimama. Msimu huohuo Cal Raleigh wa Seattle alipiga 60 na Kyle Schwarber wa Philadelphia akapiga 56. Jumla yao ni 116. Timu yako nzima, Mheshimiwa, kwa mechi 162, iliwazidi watu wawili kwa mpira mmoja. Ushindi ni ushindi.

Hapo ndipo tunamfikia Paul Skenes, na hapa naomba unisikilize kwa makini hata kama una kikao.

Mlimchagua wa kwanza katika uteuzi wa vijana wa 2023. Akaanza kazi Mei 2024, akamaliza mwaka akiwa mgeni bora wa ligi ya National, moja ya mbili zinazounda ligi kuu. Mwezi huu amepewa tuzo ya Cy Young, ya mrushaji bora wa ligi hiyo, kwa kura zote 30 za kwanza. Aliwatoa kwa straiki wapigaji 216. Wastani wa alama alizoruhusu ulikuwa 1.97 kwa kila inningi tisa, yaani mechi kamili. Sasa, katika mchezo huu ushindi na kipigo huandikwa pia kwenye jina la mrushaji, na kwenye jina la Skenes imeandikwa ushindi 10, vipigo 10. Mtu anafanya kazi hiyo yote halafu cheti chake kinasoma sare.

Chukua tarehe 18 Mei, huko Philadelphia. Skenes alirusha mchezo wote, inningi nane (wenyeji walikuwa mbele, ya tisa hawakuihitaji), peke yake, bila kuomba msaada. Aliruhusu mipira mitatu tu ipigwe vizuri. Wapigaji tisa akawatoa kwa straiki. Alipoteza 1-0. Wenzake walikuwa na inningi tisa za kumtafutia alama moja tu ya kusawazisha, wakarudi mikono mitupu. Kama kuna picha ya sera yako ya usajili inayofaa kuwekewa fremu, ni ubao wa matokeo wa siku ile.

Mshahara wake msimu huo ulikuwa dola 875,000. Kima cha chini cha ligi ni 760,000. Maana yake mrushaji bora wa ligi ya National anampita mchezaji wa mwisho benchini kwa dola 115,000. Najua, sheria inaruhusu. Miaka mitatu ya mwanzo klabu hulipa inavyotaka ilimradi isishuke chini ya kima. Bonasi yake ya 2024, zaidi ya milioni 2, ilitoka kwenye mfuko wa pamoja wa timu zote 30. Kwa lugha nyingine Dodgers na Yankees wanakusaidia kumlipa. Ukarimu wa namna hii hata kwenye harambee hauonekani. Lakini sheria hiyohiyo inasema baada ya msimu wa 2029 Skenes atakuwa mtu huru. Misimu minne imebaki, na kila unaopita bila wapigaji hauji tena. Tayari miji mingine inapiga mahesabu ya kumtoa kwako mapema kwa kubadilishana.

Ndiyo maana neno hilo, kubadilishana, linatutia tumbo joto. Kumbukumbu zetu bado ni nzima. Julai 2018 mlimtaka Chris Archer wa Tampa Bay, mkatoa Tyler Glasnow, mkatoa Austin Meadows, halafu kama nyongeza ya dukani mkaongeza Shane Baz. Archer alishinda mechi sita akiwa nanyi, akapoteza 12. Glasnow leo yuko Dodgers kwa mkataba wa zaidi ya milioni 136. Gerrit Cole, ambaye pia mlimchagua wa kwanza kwenye uteuzi wake, mlimpeleka Houston Januari 2018; Desemba 2019 Yankees wakampa milioni 324. Mnalea vizuri sana. Nyumba yenu ni shule ya bweni ambayo watoto wakifaulu hawarudi hata kusalimia.

Mwisho wa Julai mwaka huu Ke'Bryan Hayes, mliyemfunga kwa miaka minane, mkampeleka Cincinnati. Mmoja wa waliokuja badala yake alikuwa Taylor Rogers. Kesho yake Rogers akawa wa Chicago Cubs. Siku hiyohiyo David Bednar, mtoto wa hapohapo jirani na Pittsburgh, naye akaenda Yankees.

Sisi Waafrika tuna daftari letu pembeni. Tarehe 26 Aprili 2017 Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, aliyekulia katika jengo la klabu ya besiboli huko Randburg ambako mama yake alifanya kazi, aliingia uwanjani PNC Park. Akawa mtu wa kwanza aliyezaliwa barani Afrika kucheza ligi kuu ya besiboli. Zamu yake ya kwanza ya kupiga, mrushaji akiwa Jon Lester wa Cubs, alipiga mpira safi akafika kituo cha kwanza. Kwa heshima hiyo tunawashukuru kwa dhati, hapa sina kejeli. Novemba ya mwaka uleule mkampeleka Toronto. Badala yake alikuja nani? Makubaliano yalitaja mchezaji atakayetajwa baadaye, au fedha taslimu. Mtu amebeba historia ya bara zima, na risiti yake haina jina. Sasa kwenye timu zenu za vijana yupo mrushaji kutoka Uganda, David Matoma. Tunaomba tu kwamba siku yake ikifika, angalau aliyekuja badala yake aandikwe jina.

Ya tofali sitayachokonoa sana. Mashabiki walinunua matofali yenye majina yao na ya wazazi wao, yakapangwa nje ya uwanja ulipofunguliwa 2001. Aprili mwaka huu yakapigwa picha yakiwa yamerundikwa kwenye yadi ya taka za kurejelezwa. Mwezi huohuo bango la kumuenzi gwiji wenu wa zamani Roberto Clemente kwenye ukuta wa kulia likakutwa limefunikwa na tangazo la kinywaji cha pombe. Clemente, aliyekufa kwa ajali ya ndege usiku wa kuamkia 1973 akipeleka misaada kwa waliokumbwa na tetemeko Nicaragua. Mliomba radhi, bango likarudi. Tuendelee.

Utetezi wako naujua, na nusu yake nakubaliana nayo. Pittsburgh si Los Angeles. Dodgers wana mkataba wa runinga wa dola bilioni 8.35 kwa miaka 25, na hakuna tofali unaloweza kuuza likafikia hapo. Ligi yenyewe inajua, ndiyo maana kila timu hutoa asilimia 48 ya mapato yake ya nyumbani kwenye chungu kimoja, kikagawanywa sawa. Wewe ni miongoni mwa wanaopokea zaidi kuliko wanavyotoa. Februari 2018 chama cha wachezaji kilipeleka malalamiko rasmi kuhusu jinsi timu nne zilivyotumia mgao huo, na Pirates ilikuwamo.

Tatizo la utetezi huo lina jina: Milwaukee. Mji mdogo kuliko yote kwenye ligi kuu kwa soko, kundi moja na lenu, ratiba karibu sawa na yenu. Mwaka huu Milwaukee walishinda mechi 97, nyingi kuliko timu yoyote ya besiboli Marekani. Ninyi mlishinda 71 mkashika mkia wa kundi hilohilo. Najua utasema, umeona, hata Milwaukee hawamwagi fedha! Kweli kabisa. Basi na tuangalie upande wa akili.

Sasa maombi yangu, Mheshimiwa, na si mengi. Sokoni baridi hii yupo Schwarber mwenyewe, yupo Pete Alonso, wapo wengine wanaojua uzio uko wapi. Nunua mmoja, wa zaidi ya mwaka mmoja, rekodi ya Liriano ikapumzike. Mna warushaji vijana wa kutosha kuuza mmoja au wawili. Wabadilishe kwa mpigaji aliyekwisha kuiva badala ya watoto wa kusubiriwa hadi 2030. Konnor Griffin, kijana wa miaka 19 anayesifiwa kuliko chipukizi wote wa mchezo huu, asiguswe. Na Skenes mwite mezani sasa, kabla hajawa mtu huru, umwandikie tarakimu ambazo mkono wako haujawahi kuziandika.

Ukiona hayo ni mazito, liko ombi moja jepesi lisilohitaji hata senti yako. Uwanja mzima ulilipaza tarehe 4 Aprili, siku ya mechi ya kwanza ya nyumbani, dhidi ya Yankees: uza timu.

Wako katika ujenzi wa timu,
Shabiki wa viti vya juu kabisa

Nakala: Paul Skenes, kwa taarifa.