Kichuri na Mikasa ya Sikukuu Tarime na Serengeti
Chakula cha Krismasi katika wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, hupikwa aghalabu kwenye majiko mawili ambayo wapishi wake hawashauriani. Ndani kuna pilau, iliyokwisha kuwa chakula cha sikukuu karibu nchi nzima, ikisimamiwa na binti au mkwe aliyeshuka kwenye basi na bizari zake mkobani. Nje, chini ya mti, kuna mbuzi, wanaume, visu na kichuri. Mikasa mingi ya siku hiyo huzaliwa pale majiko hayo yanapokutana.

Kichuri ni mchuzi mchungu upendwao na Wakurya, ambao huchovewa nyama choma na ugali, nao hutokana na majimaji ya kijani yanayokamuliwa kutoka kwenye utumbo mwembamba wa mnyama aliyechinjwa punde, yakiwa yamechanganyika na nyongo, kisha yakachujwa, yakachemshwa sawasawa na kutiwa chumvi na pilipili. Nyongo, ambayo wachinjaji wa kwingine huitupa mbali kama adui, hapa ina cheo. Lakini cheo hicho kina mipaka, kwa kuwa kijana asiye mzoefu anayejitolea kutoa ini, akautoboa mfuko wa nyongo kwa ncha ya kisu, huwa ameupeleka uchungu mahali usipotakiwa, na ini lile, ambalo wachinjaji walikwisha kuliwekea makaa pembeni ili walionje kabla ya wengine, huishia kwa mbwa, ambao nao hulinusa kwanza wakitafakari.

Heshima ya mchinjaji kuonja kabla ya wengine si ya Wakurya peke yao. Huko Romania, ambako nguruwe wa Krismasi kwa desturi huchinjwa tarehe 20 Desemba, sikukuu ya Mtakatifu Ignati, waliosaidia kazi hukaangiwa nyama siku hiyo hiyo katika mlo uitwao pomana porcului. Utaratibu huo ungepita Tarime bila mjadala, isipokuwa katika nyumba za Wasabato, ambako nguruwe hana sikukuu.

Mkasa mkubwa zaidi, hata hivyo, ni wa bakuli. Kichuri kikiwa mezani kinafuka mvuke, kina rangi ya mboga za majani na utulivu wa mchuzi usio na hila, hivyo mkwe mpya kutoka pwani, ambaye hajaelezwa lolote kwa sababu kila mtu alidhani mwenzake amemweleza, hudhani ni mlenda na kujimiminia vijiko vitatu juu ya pilau. Uchungu wake hauji mara moja. Hupita kwanza pilipili, kisha chumvi, na mlaji anapoanza kutoa shukrani ndipo nyongo inapowasili na kukaa nyuma ya ulimi kama mgeni asiye na nauli ya kurudi. Kutema mbele ya wakwe haiwezekani, kwa hiyo humeza huku machozi yakimlengalenga, na wazee, wanaoyachukulia machozi hayo kuwa ni furaha, humsifu kwamba kweli huyu ni mkwe, kisha humwongezea. Tatizo la ushujaa wa mezani ni kwamba malipo yake huwa ni chakula kile kile.

Sikukuu ikiisha, kichuri husafiri. Bibi asiyekubali mjukuu aondoke mikono mitupu hukitia katika chupa ya maji iliyokwisha kutumika, akaifunga kwa mfuko wa plastiki, akaishindilia kati ya nguo katika begi liendalo Dar es Salaam, safari ya siku nzima na zaidi kutoka Sirari, mpakani na Kenya. Kifuniko kikilegea njiani, harufu hutangulia kumtafuta mwenyewe, konda huuliza kwa ukali ni mzigo wa nani, basi zima huukana, na kutoka viti vya nyuma husikika abiria mmoja akiuliza kama na nyama ipo.