Namna ya Kumjibu Mtoto Aulizaye Mambo ya Anga Bila Kupoteza Heshima

Umeme umekatika, mkeka umetandikwa uani, na mtoto wa darasa la nne amelala chali, macho juu. Mzazi mwenye busara angekumbuka papo hapo kwamba ana shughuli ndani. Wewe umechelewa, swali la kwanza limeshatoka. Usibabaike. Fuata hatua hizi na heshima yako ya mkuu wa kaya itasalimika, kama si yote basi nusu.

Kwanza, jibu haraka. Anayejibu haraka huonekana anajua. Ukiulizwa Jua linawaka kwa kuni gani, sema "gesi," kisha kohoa. Akiendelea kudadisi, itabidi umwambie kwamba kule hakuna kinachoungua. Katikati ya Jua, kwenye joto la nyuzi milioni 15, viini vya haidrojeni hugongana na kuungana vikawa heli, na nishati yote hutoka humo. Usoni pake joto ni nyuzi 5,500 tu. Hiyo "tu" itamke kama mtu aliyewahi kufika.

Pili, tumia ushahidi wa hapo ulipo. "Baba, mbona Januari kuna joto hivi?" "Kwa sababu tuko karibu na Jua, mwanangu." Uzuri wa jibu hili ni kwamba ukaribu wenyewe ni wa kweli: mwanzoni mwa Januari Dunia huwa kilomita milioni 147 hivi kutoka kwenye Jua, na mwanzoni mwa Julai milioni 152. Ukiwa Dar es Salaam, kesi umeshinda. Omba tu shangazi yake aliyeko London asipige simu usiku huo kulalamikia baridi. Akipiga, mtoto atataka kujua kama London iko kwenye Dunia nyingine, nawe utabanwa mpaka ueleze kwamba mhimili wa Dunia umeinama nyuzi 23.5. Ndiyo maana Januari sisi wa kusini mwa ikweta tunapigwa na jua la utosini, na wa kaskazini wanaambulia la ubavuni. Ule ukaribu uliojivunia hauna kazi kubwa.

Tatu, usigombanie idadi ya sayari. Wewe uliimba tisa, tena mbele ya mwalimu mwenye fimbo. Mtoto atasema nane, na yuko sahihi: Agosti 2006 wanaastronomia waliokutana Prague waliishusha Pluto ikawa sayari kibete. Ukitaka, itetee kwa uchungu kama mtumishi wa umma aliyeonewa: iligunduliwa mwaka 1930, ikashika cheo miaka 76, ikavuliwa bila hata kuitwa kujieleza. Usithubutu tu kutaja kwamba Pluto hulizunguka Jua mara moja kwa miaka 248. Mtoto atapiga hesabu agundue kwamba katika utumishi wake wote haikumaliza hata theluthi ya mzunguko.

Nne, wahi kusema "sayari". Wengi huiita nyota ile inayong'aa upande wa machweo mara baada ya swala ya Magharibi. Ni Zuhura. Kipimo ni rahisi: nyota humetameta, sayari kwa kawaida hutulia. Ukishapata sifa hiyo, ongeza kwamba Zuhura ina joto la nyuzi 465, kuishinda hata Zebaki iliyo jirani zaidi na Jua, kwa sababu hewa yake nzito ya kaboni dioksaidi hunasa joto na kuligomea lisitoke. Kisha mmalizie: Zuhura hulizunguka Jua kwa siku 225 za Dunia, lakini kujigeuza yenyewe mara moja huichukua siku 243. Mwaka unaisha kabla haijajigeuza! Hapo nyamaza. Atashughulika na hilo kwa muda, nawe upumue.

Tano, kimondo kikipita, usimuue mtu. Kishawishi cha kusema "kuna mkubwa amefariki" ni kikali, lakini kesho ataulizia jina la marehemu. Vimondo vingi ni vijiwe vidogo, hata vya ukubwa wa punje ya mchanga, vinavyoingia kwenye hewa yetu kwa kasi ya makumi ya kilomita kwa sekunde na kuwaka. Kikubwa hufika chini: kile cha Mbozi, mkoani Songwe, ni bonge la chuma na nikeli lenye urefu wa mita 3 hivi na uzito unaozidi tani 10. Mwahidi mtakwenda kukiona "mvua zikiisha". Usitaje mvua za mwaka gani.

Sita, jihadhari na Mwezi. Atauliza kwa nini unamfuata. Ukimjibu "kwa kuwa unakupenda," atainuka akimbie mpaka kwenye mpera, ageuke, na kuukuta palepale juu ya bati la jirani. Kisha atamwita kaka yake akimbilie upande wa pili, wabishane unampenda nani zaidi. Mwambie ukweli yaishe: uko kilomita 384,000, na hatua za kufika mperani haziupunguzii wala kuuongezea kitu.

Mwisho, umeme ukirudi na mtaa mzima ukapiga kelele, muulize haya yote kayatoa wapi. Atataja kitabu cha sayansi ulichomnunulia mwenyewe mwanzoni mwa muhula. Mpigepige begani useme, "Vizuri, nilikuwa nakupima." Kesho akishakwenda kucheza, kichukue ukisome, na ukikirudisha hakikisha umeacha ukurasa uleule alioukunja.