Namna ya Kupaka Rangi Picha ya Kidijitali Bila Kusumbuliwa na Jua

Umeshamaliza mistari. Mzee wako yumo ndani ya kioo, amekaa barazani, kanzu imemfika vifundoni, kofia kichwani, mkongojo mkononi, na mbele yake ardhi nyekundu. Nyumbani wamekusifu. Imebaki kazi ndogo tu ya kutia rangi na vivuli, na hapo ndipo wengi hupotezwa na wanaojiita wajuzi, wanaodai eti lazima kwanza mtu ajifunze kutazama. Wahenga walishasema mwenye macho haambiwi tazama. Macho unayo, kwa hiyo usitazame. Fuata hatua hizi kwa utiifu, na kabla ya adhana ya magharibi mzee wako atakuwa amekauka hapo hapo alipokaa.

Hatua ya 1: Nunua kwanza, paka baadaye

Usianze na ulicho nacho. Krita ni programu ya bure, GIMP ni ya bure, na ibisPaint inafanya kazi kwenye simu hiyo hiyo unayotumia kutuma pesa. Kwa sababu hiyo hazifai, kwani kitu cha bure hakimpi mtu kisingizio. Waambie watu unasubiri tableti yenye kioo, kisha kalamu yake, kisha kiti cha kukalia. Wakati unasubiri, pakua brashi: za mawingu, za majani, za ndevu, za vinyweleo, za mvua ya masika na za mvua ya vuli. Kuzipanga kwenye mafaili kutakumalizia mwezi mzima bila kupaka chochote.

Ila mtu asije akakukumbusha kwamba Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za baiskeli juu ya vipande vya hadibodi. Alifariki mwaka 1972, na mtindo aliouacha unawapa mafundi mkate hadi leo. Habari za namna hiyo zinavunja moyo wa kununua.

Hatua ya 2: Chagua rangi kwa jina lake

Kanzu ni nyeupe, basi mwaga nyeupe. Ardhi ni nyekundu, mwaga nyekundu. Ngozi ni kahawia, mwaga kahawia, na ukibakiwa na nafasi juu, jaza buluu. Haya ulifundishwa chekechea na hayajabatilishwa.

Usijishughulishe na kanzu yenyewe. Mzee amekaa chini ya paa, jua halimfikii, na kitambaa chake pale kivulini kinarudisha mwanga mdogo kuliko vumbi lililo juani hatua mbili mbele yake. Ukipiga picha ya kanzu halisi ya namna hiyo, kisha ukaigusa kwa zana ya kunyonya rangi, upande unaoelekea mbinguni utakupa kijivu chenye ubuluu, na ukishuka kwenye pindo utakutana na wekundu uliorushwa na ardhi. Kwa hiyo usiiguse zana hiyo. Utagundua kwamba ndani ya kanzu nyeupe hamna nukta hata moja iliyo nyeupe, na jioni yako yote itaharibika.

Hakikisha pia unachagua rangi zako zote juu ya turubai jeupe pe. Mkemia Michel Eugène Chevreul, aliyesimamia utiaji rangi wa nyuzi katika karakana za Gobelins jijini Paris, aliletewa malalamiko kwamba nyuzi nyeusi zinapauka. Akazikagua, akaona zimetiwa rangi vizuri. Kilichozipausha machoni ni rangi zilizofumwa jirani nazo. Mwaka 1839 akachapisha kitabu kinene juu ya jambo hilo. Wewe hakikuhusu. Paka uso wa mzee ukizungukwa na weupe mtupu. Utauona mweusi kupita kiasi, utauongezea mwanga, utajaza ukuta na ardhi nyuma yake, kisha utakaa na kushangaa kwa nini mzee amepauka.

Hatua ya 3: Kivuli ni cheusi, basi

Fungua kisanduku cha rangi. Karibu programu zote zinatumia mpango alioueleza Alvy Ray Smith mwaka 1978, unaoigawa rangi katika mambo matatu: ni rangi gani, imekolea kiasi gani, ina mwanga kiasi gani. Puuza mawili ya kwanza. Shika kile kiduara, kiteremshe wima kuelekea chini, na kivuli umekipata. Fanya hivyo kwa kanzu, kwa ngozi, kwa ukuta na kwa ardhi. Faida yake ni umoja: kila kitu kitaishia kwenye masizi yale yale.

Wapo watakaokuja na maneno. Watasema kivuli cha nje ni mahali ambapo jua limezibwa lakini mbingu haijazibwa; na kwa kuwa mbingu isiyo na mawingu ni buluu, kivuli nacho huelemea ubuluu. Watakutajia malundo ya ngano aliyoyachora Claude Monet mwaka 1890 na 1891, jinsi vivuli vyake juu ya theluji vilivyojaa buluu na zambarau. Watakushauri kwamba ukipunguza mwanga wa rangi, isogeze pia kidogo upande wa buluu, na chini ya kidevu uweke wekundu kwa sababu jua linapiga ardhi na kurudi juu. Wasikilize kwa adabu, washukuru, kisha teremsha kiduara.

Hatua ya 4: Jua lisiwe na msimamo

Usoni mwanga utoke kushoto. Kwenye mkongojo utoke kulia. Kofia ipate wa kwake binafsi. Ukishindwa kupanga vurugu hiyo, ipo njia ya mkato inayopendwa na wanafunzi wa dunia nzima: kila umbo litie giza pembezoni na mwanga katikati. Pua hivyo, shavu hivyo, goti hivyo, hata kobazi hivyo. Hakuna atakayeweza kukuuliza ilikuwa saa ngapi.

Na saa ndiyo hatari yenyewe. Dar es Salaam, mwanzoni mwa Machi na tena karibu na tarehe 10 Oktoba, jua la adhuhuri hukaa juu ya utosi. Mtu aliyesimama uwanjani hukanyaga kivuli chake, macho yake huzama kwenye giza la nyusi, na pua humwaga kivuli juu ya mdomo. Ikifika saa kumi na moja jioni jua hilo hilo limelala upande, linaingia barazani mpaka kizingitini, shavu moja la mzee lina dhahabu na jingine limebaki na mwanga wa mbingu tu, na kivuli cha mkongojo kinavuka uwanja kwenda kwa jirani. Mchoraji akishaamua saa, nusu ya vivuli vyake vimejipanga vyenyewe na anachobakiza ni kuvifuata. Ukitaka kuendelea kuteseka, usiamue.

Hatua ya 5: Lainisha mpaka kisieleweke

Chagua brashi laini kuliko zote, iongeze ukubwa mpaka ienee uso mzima, na ipitishe kila mahali. Pakibaki ukingo wowote unaoonekana, chukua zana ya kusugua, usugue.

Ukingo ni mdomo wa picha, ukiachwa utasema. Jua, kwa macho yetu hapa duniani, lina upana wa takriban nusu digrii. Kwa hiyo pale mkongojo unapogusa udongo, kivuli chake kina ukingo mkali, na kadiri unavyokifuata kuelekea mwisho, ukingo huo unayeyuka. Kivuli cha kichwa cha mnazi mrefu hakina ukingo wa kukamata kabisa. Mwilini nako ni hivyo: shavu la duara hupokea giza polepole, lakini mkunjo wa kanzu iliyopigwa pasi hugeuka ghafla. Kwa tofauti hizo mtazamaji hujua, bila kuambiwa, hiki kitambaa na hiki mfupa. Zifute zote, naye atabaki na mvuke uliovaa kofia.

Hatua ya 6: Ngozi kwa viungo viwili

Kahawia ukiitia nyeupe unapata mwanga, ukiitia nyeusi unapata kivuli. Usiongeze kitu kingine. Mzee atatoka kama mtu aliyeshinda kwenye mashine ya kusaga unga, na ndugu zake watamtambua kwa mkongojo.

Ngozi nyeusi ya kweli inasumbua zaidi ya hapo. Inapopigwa na mwanga hung'aa kwa madoa madogo makali: kwenye paji la uso, ncha ya pua, mfupa wa shavu. Madoa hayo hubeba rangi ya chanzo chake, ubuluu wa mbingu mchana na umanjano wa chemli usiku. Kati ya doa na kivuli hupita wekundu, machungwa, hata zambarau. Sikio lililopigwa na jua kwa nyuma huwaka jekundu, kwa kuwa mwanga umepenya nyama na kutokea upande wa pili. Vyote hivi ni usumbufu mtupu.

Tena hutakuwa mpweke katika kuviepuka. Kwa miongo kadhaa maabara za picha zilisawazisha rangi kwa kadi za Kodak zilizobeba sura ya mwanamke mweupe, maarufu kwa jina la kadi za Shirley, na watu weusi wakawa wanatoka kwenye picha meno na macho tu. Filamu zimepita, lakini mafunzo mengi ya mtandaoni bado yanaanzia kwenye shavu la waridi. Yafuate hayo hayo neno kwa neno, kisha mwishoni punguza mwanga.

Hatua ya 7: Leya ni za kutupotezea muda

Photoshop, programu ya ndugu wawili Thomas na John Knoll, iliingia sokoni mwaka 1990, na leya zikaletwa katika toleo la 3.0 mwaka 1994 ili mtu aweze kubadili kanzu bila kugusa ukuta. Una namna mbili za kuitendea haki huruma hiyo. Ya kwanza ni kupaka kila kitu kwenye leya moja. Ya pili ni kuupa kila unywele leya yake na kuziacha na majina ya kuzaliwa: Leya 61, Leya 61 nakala, Leya 61 nakala ya nakala.

Kwa vivuli utaambiwa utumie leya ya maltiplai. Itumie, ila itie kijivu. Leya hiyo huchukua thamani za rangi, kila moja kati ya 0 na 1, na kuzizidisha: 0.8 mara 0.5 ni 0.4. Jibu haliwezi kuzidi kilichokuwepo, ndiyo maana hutia giza tu. Kijivu huzidisha nyekundu, kijani na buluu kwa kiasi kile kile, kwa hiyo rangi hushuka gizani bila kubadilika, na utakuwa umerudi hatua ya 3 kwa kupitia njia ya mbali. Anayeweka zambarau hafifu mahali pa kijivu hupata kivuli chenye uhai kwa mguso mmoja. Huyo hakusoma mwongozo huu.

Hatua ya 8: Usiipime kazi yako

Leonardo da Vinci aliwashauri wachoraji waitazame kazi yao kwenye kioo cha kujitazamia, maana ikigeuzwa makosa hujitokeza. Siku hizi programu huigeuza kwa kitufe kimoja. Usikibonyeze. Mzee aliyekaa wima ataonekana anaanguka ubavuni, na utalazimika kumshika.

Kipo pia kitufe cha kuondoa rangi zote na kuacha nyeupe na nyeusi. Hicho ni kibaya zaidi. Uso, ukuta na kanzu vikigeuka kijivu kimoja, utajua kwamba tatizo halikuwa rangi hata kidogo. Mwanga na giza havikupangwa tangu mwanzo, na zambarau ya aina yoyote haitakuokoa.

Hatua ya 9: Malizia kwa kishindo

Tia nukta nyeupe kwenye macho, pua, meno, kucha, kofia na mkongojo. Ongeza miale, ongeza ukungu, ongeza sahihi yako kwa herufi za dhahabu. Usihifadhi kazi mpaka mwisho kabisa; umeme ukikatika utakukumbusha. Ukihifadhi, hifadhi kwa JPG peke yake, ambayo huzibana leya zote kuwa moja na kupunguza ubora kila unapoifungua, ukaigusa na kuihifadhi upya. Kisha irushe kwenye kundi la familia. Shangazi atajibu "mashallah" kabla haijamaliza kufunguka.

Kwa wasiosikia la mkuu

Wapo wakaidi ambao baada ya yote haya bado watataka mzee wao apumue. Hao sina cha kuwauzia. Wachukue yai moja, waliweke juu ya karatasi nyekundu karibu na dirisha, wazime taa, na walipake kwa brashi moja ngumu na leya tatu: rangi, kivuli, mwanga. Watafute wekundu ulioganda kwenye tumbo la yai, watafute ukingo wa kivuli unapokaza na unapolegea, wajiulize weupe kamili uko wapi, kama upo. Kesho walipake tena saa nyingine. Likishawafunza, walikaange, na wachukue jingine.