Fundi wa Nyumba za Bure

Kuna mnyama analala saa 16 hadi 18 kwa siku, na wanasayansi wanamwita mhandisi. Mimi nikijinyoosha kwenye kochi Jumapili baada ya ugali, mke wangu anawauliza watoto kwa sauti inayofika hadi kwa jirani: "Hivi baba yenu anaumwa?"

Mhandisi mwenyewe ni armadilo mkubwa wa Amerika Kusini. Bila mkia anakaribia mita moja, ukiujumlisha mkia ni mita moja na nusu, na akishapevuka huweza kupita kilo 30. Mgongo mzima ni ngao ya mifupa na magamba. Kwa ngao yote hiyo ungetegemea akitishwa ajikunje awe mpira, kumbe hawezi; wanaojikunja hivyo ni ndugu zake wadogo, wale wenye mikanda mitatu mgongoni. Yeye anachimba ardhi na kutoweka. Mwenye deni dukani ataona thamani ya kipaji hicho.

Halafu meno. Anaweza kuwa nayo hadi 100, na chakula chake ni mchwa na sisimizi! Mchwa unamtafunia meno 100 ya nini? Mimi niliyebakiwa na machache ndiye ninayepakuliwa maharage yenye mawe.

Ila kucha nakubali. Ile ya katikati ya mguu wa mbele hufika sentimita 20, na ukilinganisha na ukubwa wa mwili, hakuna mamalia aliye hai mwenye kucha kubwa kuliko yeye. Kwa kucha hiyo anabomoa vichuguu, na kwa hiyo hiyo anajenga. Hapo kwenye kujenga ndipo roho inaponiuma.

Huyu bwana anachimba shimo lenye urefu wa mita kadhaa, anatupa nje lundo la mchanga, analala humo siku chache, kisha anahama kwenda kuchimba jingine. La kwanza halifungi, halipangishi. Mtafiti Arnaud Desbiez na wenzake, walioanza kumfuatilia mwaka 2010 katika Pantanal, nchini Brazili, walitega kamera kwenye milango ya mashimo hayo wakaona foleni ya wapangaji: oseloti, yule paka wa mwituni mwenye madoa, tamandua, mla mchwa wa kimo cha kati, mijusi, na pekari wanaofanana na nguruwe, ambao hujilaza kwenye mchanga wa mlangoni. Spishi zaidi ya 20, na hakuna aliyedaiwa kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Joto la ndani halipandi wala kushuka sana, nje kuwe kunaungua au kunazizima. Chumba changu kina bati lisilo na dari, na mwenye nyumba ameniambia mwezi ujao anapandisha kodi kwa sababu "mtaa umechangamka".

Watu wa aina hii hawazaliani haraka. Jike huzaa mtoto mmoja tu, na miaka kadhaa hupita kabla ya mwingine. Wenye nyumba sijui wanazaa wangapi, ila hawapungui.

Nisimtakase sana, maana wafuga nyuki wa nyanda za Cerrado wana kesi naye. Usiku anaangusha mizinga na kula majana. Baadhi walimchukia hadi kumuua, na mnyama tayari yuko katika orodha ya walio hatarini kutoweka. Dawa iliyopatikana ni ya kawaida tu: mizinga inainuliwa juu ya vichanja imara asiweze kuiangusha, na mfugaji anayekubali kuishi naye asali yake inapewa cheti.

Juzi nilimsimulia dalali wangu habari hizi zote, nikidhani ataona aibu. Alinisikiliza kwa makini hadi mwisho, akatoa kalamu, akauliza kama hayo mashimo yana luku ya peke yake, na bodaboda inafika mlangoni.