Ukiketi Kando ya Mzee wa Enzi ya Nyayo

Ikiwa ulizaliwa baada ya 2002, siku moja utapanda basi la Nairobi kwenda Kisumu ukaketi na mzee aliyevaa koti hata kukiwa na jua. Utashawishika kumuuliza maisha yalikuwaje chini ya Rais Moi, mwenye kauli mbiu ya Nyayo. Usiulize. Atageuka kuangalia nani ameketi nyuma, kisha atakwambia mvua imechelewa mwaka huu.

Wala usimnunulie chai mapema. Miaka ya themanini, mgeni aliyeanzisha siasa alikuwa ama mjinga ama kachero, na kachero ndiye aliyelipa chai.

Subiri. Mwenyewe ataanza, na ataanza na maziwa: yale ya Nyayo, ya bure shuleni, katika pakiti ya pembe tatu. Atayasifu mpaka uone kiu. Hapa ndipo vijana wengi wanapopotea. Wanashuka Nakuru na kwenda kuandika mtandaoni kwamba Kenya inahitaji tena mkono wa chuma. Wewe kaa. Baada ya maziwa kuna picha ya Mtukufu Rais, ambayo hakuna duka lililothubutu kukosa, na vijana wa KANU, chama tawala, waliosimama kwenye lango la soko wakidai kadi ya chama kabla hujanunua sukuma wiki. Kuna taarifa ya habari iliyoanza na Rais hata siku ambayo Rais hakufanya lolote. Akikwambia Moi aliwataka mawaziri waimbe kama kasuku, usidhani anamsingizia. Moi alilisema mwenyewe, hadharani, mwaka 1984.

Kuhusu uchaguzi wa mlolongo wa 1988 unaweza kuuliza kwa uhuru kidogo, maana wazee hufurahia kuueleza kwa mikono. Kura haikuwa ya siri: ulipanga foleni nyuma ya mgombea wako, chifu akikutazama, na kuna mahali foleni fupi ilitangazwa mshindi. Muulize alisimama wapi. Atasema kwenye ndefu. Wote husema hivyo. Mimi bado natafuta mtu hata mmoja aliyesimama kwenye ile fupi iliyoshinda.

Hatari kubwa ni pasipoti. Utasema bila kufikiri, “Mzee wangu, kesho kutwa narudi Nyayo House kuchukua pasipoti,” naye atanyamaza mpaka Naivasha. Kwako ni jumba la foleni na picha za pasipoti. Kuanzia 1986, walioshukiwa kuwa wa Mwakenya, kundi la siri la upinzani, walifungiwa katika seli za chini ya jumba hilo, wengine wakisimamishwa majini siku nyingi, kisha wakapandishwa kwa lifti, macho yamefungwa, wakahojiwe ghorofa za juu. Seli zilifunguliwa kwa umma 2003, baada ya KANU kushindwa. Siku zote za mateso hayo, ofisi za katikati zilifanya kazi kama kawaida, watu wakigongewa mihuri. Mzee akikuuliza, “Lifti siku hizi inafanya kazi?” huo ni mzaha. Mwache acheke kwanza.

Simu iache mfukoni. Akikuuliza jina, mwambie. Lake usimuulize; akikupa, litakuwa jina zuri sana, na halitakuwa lake.