Pongezi kwa Kutufikia: Barua ya Wazi kutoka Somanda

Kwa Waheshimiwa Wakurugenzi wa Mabenki,
Ghorofani,
Dar es Salaam.

YAH: PONGEZI KWA KUTUFIKIA

Husika na somo tajwa hapo juu. Natumaini mu wazima na kiyoyozi kinapuliza vizuri. Sisi wa Somanda, hapa mjini Bariadi, tu wazima pia, vumbi tu ndilo linalotusumbua.

Naandika kuwapongeza. Utafiti wa FinScope wa mwaka 2023 ulisema watu wazima 89 katika kila 100 nchini wanaishi ndani ya kilomita 5 kutoka mahali penye huduma ya fedha. Mimi ni mmoja wa hao 89, tena nimepitiliza. Kutoka mlangoni kwangu hadi kibandani kwa wakala ni hatua 120. Nazijua kwa sababu nimezihesabu mara nyingi, na nimezihesabu mara nyingi kwa sababu nikifika huwa naambiwa nirudi baadaye.

Hapo niwaibie siri, maana kutoka ghorofani huenda haionekani. Wakala anaishi kwa vitu viwili, keshi iliyo kwenye droo na floti, yaani salio lililo kwenye simu yake. Mteja akitoa, keshi inapungua, floti inaongezeka. Akiweka, inakuwa kinyume. Mambo yananyooka pale ambapo nusu ya mtaa inatoa na nusu inaweka. Lakini Simiyu, mkoa wetu, ni mkoa wa pamba, na pamba haijui habari za nusu kwa nusu. Msimu ukifunguliwa na malipo ya AMCOS, vyama vyetu vya ushirika, yakianza kuingia kwenye akaunti na kwenye simu, wote tunataka kutoa siku hiyo hiyo. Huyu anadaiwa na vibarua waliomchumia, yule anadaiwa dukani tangu kipindi cha palizi. Ikifika saa nne asubuhi, wakala ana floti ya kutosha mtaa mzima, na kwenye droo amebaki na noti mbili za elfu moja na kitabu chake cha kumbukumbu. "Keshi imeisha, baba." Njoo Januari sasa, shule zinafunguliwa, kila mzazi anataka kumtumia mtoto aliye bweni. Droo inafurika noti. "Floti imeisha, baba."

Kwa hiyo huduma tunayo mwaka mzima, kasoro siku tunazoihitaji.

Msimu mmoja nilimkuta mayu, mama jirani yangu, amekaa hapo kibandani juu ya ndoo iliyopinduliwa, tangu saa moja. Simu ilikuwa mkononi, ameifunga kwenye pindo la khanga kama hirizi. Ndani ya simu ilikuwamo laki tatu na ushee. Nje ya simu hakuwa na mia mbili ya andazi. Akanikopa. Hivyo ndivyo mimi, mkulima wa ekari mbili, nilivyotoa mkopo wa haraka, usio na fomu, kwa mwenye akiba kunizidi.

Na huyo ni wa mjini. Anayetoka ndani huko Itilima au Meatu kufuata elfu hamsini tawini, bodaboda anachukua chake kwenda na kurudi, makato yanachukua yake, naye anarudi nyumbani na stakabadhi iliyochapwa vizuri sana. (Serikali nayo haikutaka kupitwa. Julai 2021 ikaleta tozo ya miamala ya simu, hadi shilingi 10,000 kwa muamala mmoja, kisha Septemba ikaikata kwa asilimia 30 baada ya nchi nzima kulia.)

Tunashukuru pia kwa semina ya elimu ya fedha. Kijana aliyekuja alitufundisha faida za kuweka akiba, kwa projekta, mpaka umeme ulipokatika. Waliomsikiliza walikuwa akina mama wa kikoba chenye sanduku la chuma lenye kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu wa nyumba tatu. Wao husomeana hesabu kwa sauti kila wiki, na anayechelewa hulipa faini papo hapo. Kijana akawaachia kofia na fulana. Mimi ningemwacha yeye kwao, mwezi mmoja tu, ajifunze.

Kuhusu mikopo, tumeelewa: mnataka dhamana. Tuna ng'ombe. Ng'ombe anazaa, hakati ada ya mwezi, na hajawahi kuniambia mtandao uko chini. Nakiri ana kasoro zake. Huwezi kutoa robo ya ng'ombe kununua daftari, na ukame ukija salio lote linalala chini malishoni. Lakini ninyi mnauliza hati ya nyumba mjini. Hakimiliki ya kimila, iliyo kwenye Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, mkiiona mnaishika kwa vidole viwili.

Ndiyo maana wakopeshaji wa riba kali, tunaowaita kausha damu, wametuwahi. Wao hawaulizi hati, wanauliza televisheni na godoro, nao wanakuja wenyewe hadi mlangoni kuvifuata. Wengine walikuja kwa simu, hadi Benki Kuu ilipopiga marufuku programu 69 za mikopo Novemba 2024. Wateja wao hawakuwa wajinga, waheshimiwa. Walikuwa na mgonjwa usiku.

Utafiti ule ule nilioanza nao unasema wanaotumia benki zenyewe ni kama watu 22 katika 100. Waliobaki msiwatafutie semina. Msimu ujao, kabla mizani haijatundikwa, wakopesheni mawakala wa huku keshi ya wiki sita za pamba, na Januari wakopesheni floti. Mnajua tarehe, mnajua kata, na pesa zinapita mikononi mwenu kabla hazijatufikia sisi.

Wenu mtiifu,
Mmoja wa wale 89,
Somanda, Bariadi.

Nakala: Wakala wa mtaani kwetu. (Hajaipata. Amefunga kibanda, yuko foleni tawini anatafuta keshi.)